Kebini ya wasichana kumi, kambi ya ziwani Maine: nyota nne

Wazazi wenzangu mlio huku Massachusetts mmeniuliza sana kuhusu ile kambi ya likizo ya watoto aliyoenda msichana wangu, haya majibu ndio haya. Jina la kambi naliacha maana kuna watoto wa watu ndani ya hii stori, ila ni ya wasichana pekee na iko jimbo la Maine kando ya ziwa.

Pesa kwanza. Kambi za huko za wiki saba nyingi zinapita dola 10,000, hiyo mimi sina, tukachukua awamu ya wiki mbili na tukaomba punguzo. Kuna fomu ya msaada, jazeni mapema wala msione haya, wazungu wenyewe wanajaza.

Sasa kebini. Kama ulisoma bodingi Kenya utacheka sana. Kuta za mbao, dari hakuna, dirisha ni wavu tu, vitanda dabo deka, na mbao zote zimejaa majina ya wasichana waliolala hapo miaka ya nyuma. Tofauti ni kwamba makaunsela wawili, yaani wasimamizi wa watoto, wanalala humo humo nao, sio matroni wa kuja saa kumi na moja asubuhi kugonga vitanda. ACA, chama cha kambi cha Marekani, kinataka angalau mtu mzima mmoja kwa watoto wanane wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo hapo walifanya vizuri.

Nyota iliyokatika ni ya jinsi walivyowapanga. Brosha yote ni mitumbwi na moto wa jioni, lakini bana mtoto akirudi nyumbani haongei mtumbwi, anaongea nani alikuwa anamlalia juu na nani alikuwa anakoroma. Fomu inasema kila mtoto aombe rafiki mmoja tu wa kukaa naye, sawa, kumbe wakaweka wanne wanaojuana kutoka mji mmoja kwenye kebini moja! Baada ya lunch kuna saa ya kupumzika, kila mtu kitandani kwake, hao wanne wamejibana vitanda viwili vya chini, nyuzi zimebanwa na pini kwa goti la suruali wanasuka zile bangili za urafiki, na wangu yuko juu na kitabu. Barua yake ilisema "Mum, huku wote wanajuana." Na simu hairuhusiwi, wewe unatuma ujumbe kwa website wanauprint wanampa, yeye anajibu kwa posta, so unachosoma ni habari ya juzi, unabaki kuzoom picha za kambi kila usiku uone kama anacheka au anabana meno tu.

Nikapiga simu ofisini. Kuwatetea kidogo, hawakuniambia ati atazoea. Kaunsela aliwabadilisha viti vya kula na zamu za usafi, mmoja wa wale wanne akapewa kufagia kebini na wangu, na barua iliyofuata ilikuwa inaomba nyuzi za rangi. Lakini jameni hiyo si ni ya kufanya siku ya kwanza, mpaka mama apige simu?

Wenye watoto wa nywele zetu: siku ya kufika wanaangaliwa chawa, wote. Nesi alipita mstari kwa mstari polepole, hakuna drama. Mimi ningependekeza matuta, rasta ndefu ziwani kila siku hazikauki na usiku Maine kuna baridi hata Julai. Pakia boneti mbili. Kuulizwa ataulizwa hiyo ni nini kichwani, wangu alisema ni ya kulala, wakaendelea na mambo yao. Kusukana walikatazwa, sababu ni hao hao chawa.

Chakula usitume, hata biskuti, parcel inafunguliwa na inachukuliwa kwa sababu ya panya na vile vikindi vidogo vinavyoingia mpaka kwa mito. Sisi tuliozoea visiting na chapo na kuku inauma, lakini ndio hivyo.

Kupe wako wengi pia, weka soksi ndefu na dawa ya kujipaka. Na choo kiko nje, hatua kadhaa gizani, kwa hiyo ile tochi ya kuvaa kichwani kwenye listi yao usiipuuze, na betri za ziada.