TAHADHARI: Michoro bandia ya vita inayouzwa kwa jina la Charles Parrocel

Ninawatahadharisha wote wanaonunua michoro ya kale kwamba yuko mtu anayejitambulisha kuwa dalali wa sanaa wa Paris, ambaye huuza kwa ujumbe wa simu michoro ya vita anayodai ilichorwa na Charles Parrocel huko Fontenoy, uwanja wa vita ulioko Ubelgiji ya leo, mwaka 1745. Uongo huo unaaminika kwa urahisi, kwa sababu Parrocel, aliyezaliwa mwaka 1688 na kufariki mwaka 1752, alikuwa kweli mchoraji wa vita, aliwahi kutumikia jeshi la wapanda farasi, na alipewa kazi ya kuchora ushindi wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa.

Mchoro mmoja nimeuchunguza mwenyewe baada ya rafiki yangu kuulipia. Unaonyesha wapanda farasi wawili wakipigana kwa panga, kwa chaki nyekundu, na ukiutazama kwa mbali unapendeza. Nilipouinua dirishani, karatasi haikuwa na mstari hata mmoja. Karatasi ambazo Parrocel angeweza kuzipata zilitengenezwa kwa ungo wa waya ulioacha mistari myembamba iliyosongamana, ikikatizwa na mingine iliyoachana. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianzia Uingereza katika miaka ya 1750, na Ufaransa ilianza kuitengeneza kuelekea mwaka 1780, yeye akiwa amekwisha kufa zamani. Nilipoweka lenzi, ile inayoitwa chaki ilikuwa vitone vya wino wa printa, vya njano, waridi na samawati, ilhali chaki ya kweli huacha unga juu ya vinundu vya karatasi.

Kinachoniudhi zaidi ni mhuri wa herufi M ndani ya duara, ulioigwa kutoka kwa Pierre-Jean Mariette, mkusanyaji mashuhuri wa michoro wa Paris aliyefariki mwaka 1774, ambaye aliugonga juu ya michoro yake kuonyesha kuwa ni mali yake. Mihuri ya namna hiyo imeorodheshwa tangu Frits Lugt, mtaalamu wa michoro Mholanzi, alipochapisha kitabu chake cha mihuri ya wakusanyaji mwaka 1921, kwa hiyo yeyote anaweza kuinakili, na huu nao ulikuwa vitone vilevile.

Muuzaji huyo hutaka fedha zote mapema, hukataa kutuma picha ya karatasi ikiwa imeshikwa mbele ya mwanga, na akibanwa hudai kwamba kuna mnunuzi mwingine anayesubiri. Msilipe chochote kabla ya kuipata picha hiyo. Waliokwisha kulipa waiarifu benki na polisi mara moja, wahifadhi ujumbe, risiti na bahasha, wala wasiutupe au kuuza tena mchoro wenyewe, kwani ndio kielelezo.