Mashine ya mkono ya matofali ya kufungamana: inalipa Tabora, ukiujua udongo wako

Kwa anayejenga nyumba ya vyumba viwili au vitatu Ipuli, Malolo au kijijini nje ya mji wa Tabora, mashine ya mkono ya kufyatua matofali ya udongo na saruji, yale ambayo mafundi wanayaita intaloki, inastahili alama 4 kati ya 5. Alama moja tunaipunguza kwa sababu ya wauzaji. Wanasema kila udongo unafaa, na wanasema ukuta hauhitaji saruji hata kidogo. Yote mawili si kweli, na ndiyo yanayowaharibia watu nyumba.

Mashine yenyewe ni chuma tupu: sanduku la kuundia tofali, bamba linalopanda kutoka chini, mfuniko, na mkono mrefu wa kushindilia. Haitaki umeme wala mafuta. Hutoa tofali la milimita 300 kwa 150 kwa 100, lenye vinundu juu na vishimo chini, ili moja likae juu ya jingine bila kuteleza. Tofali moja lina uzito wa kilo 8 hivi. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 34.

Kazi kubwa iko kwenye udongo. Tabora ina udongo wa aina nyingi ndani ya eneo dogo. Luseni, ule wa kichanga mwepesi, ukiwa peke yake hutoa tofali linalomomonyoka kona ukilishika tu. Udongo wa kichuguu, ambao wengi wanaupenda kwa tofali za kuchoma, una mfinyanzi mwingi. Ukiutumia peke yake tofali linapasuka likikauka. Ukichanganya luseni na kichuguu kwa vipimo sahihi, au ukipata moramu laini, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, iliyo chini ya tabaka la juu, unapata kitu kizuri. Udongo mweusi wa mbuga uachwe kabisa, kwa tofali na hata kwa msingi, maana hupanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na hakuna saruji ya kiasi cha kawaida itakayouzuia. Udongo wa juu wenye mizizi na majani nao uondolewe, sentimita 30 au zaidi, kabla ya kuanza kuchimba.

Kujua unacho udongo gani hakuhitaji maabara. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Paka mafuta ndani, jaza udongo uliolowa vizuri, sawazisha, uache juani siku 3 au kivulini siku 7. Kisha sukuma vipande vyote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Pengo likiwa chini ya milimita 15, kipimo kimoja cha saruji kinatosha kwa vipimo 18 vya udongo. Kati ya milimita 15 na 30, tumia moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Kati ya 45 na 60, moja kwa 12. Likizidi hapo, au udongo ukivimba katikati kama mgongo, ongeza mchanga na upime upya. Fundi anayefika kiwanjani na kutaja kipimo kabla ya kuona kisanduku hicho anabahatisha kwa fedha zako.

Kwa kipimo cha moja kwa 14, mfuko wa saruji wa kilo 50 unakwenda na toroli 8 za udongo uliochekechwa kwa chekeche la milimita 5 au 6, na hutoa karibu matofali 80. Lakini usikoroge mfuko mzima kwa mara moja. Watu watano wenye mashine moja hufyatua kama matofali 300 kwa siku, yaani chini ya 40 kwa saa, na mchanganyiko ukishapata maji unatakiwa uishe ndani ya saa moja. Nusu mfuko kwa toroli 4 ndicho kiasi cha mkorogo mmoja. Rundo linaloachwa wakati watu wanakwenda kula, kisha likaongezewa maji ili lilainike tena, hutoa matofali yanayoonekana mazima na kuanza kumeguka mvua ya kwanza.

Maji nayo yana kipimo chake. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, nyunyiza kidogo kidogo, kisha chukua konzi moja, ifinye iwe donge, uiachie kutoka usawa wa bega ianguke mahali pagumu. Ikivunjika vipande 4 hadi 6, shindilia. Ikibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Ikitawanyika kama unga, yamepungua. Jaribio hili lifanyike kila mkorogo, kwa sababu jua la saa saba mchana hukausha rundo upesi kuliko la asubuhi.

Kwenye mashine, angalia pini na bushi (vikombe vya chuma ambamo pini huzunguka) kabla ya kingine chochote. Zikilegea, bamba hupanda limeinama na tofali linatoka upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Tofauti ya milimita 1 unaweza kuidharau ukiwa na tofali moja mkononi. Ukuta wa mita 2.5 una kozi 25, yaani safu za matofali, na kozi hizo hazina saruji ya kuunganishia ya kufichia kasoro katikati, kwa hiyo milimita hizo zinajumlishana, na juu ukuta unalala. Pima kona zote nne za kila tofali la kumi. Lenye tofauti inayozidi milimita 2 liweke kando kwa kozi ya kwanza au ya mwisho. Kujaza sanduku kwa makadirio ya macho huleta tatizo lilelile: udongo ukizidi, mkono haufiki chini. Tumia kopo moja la kupimia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama unanunua au unakodi, nenda na ndoo mbili za udongo wako, ufyatue matofali 5 palepale, uyapime kwa rula. Anayekukatalia hilo, mwache na mashine yake.

Matofali yakitoka yapangwe kivulini, yasizidi kozi 5 kwenda juu, yafunikwe nailoni, na yamwagiliwe siku 7 mfululizo. Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa sababu Septemba maji yanakuwa haba na watu wanaruka siku. Saruji iliyokosa maji haigandi, na hutaigandisha tena baadaye. Ratiba inayofaa Tabora ni kufyatua Mei hadi Julai, kuacha siku 28 zipite, kujenga Agosti na Septemba, na bati liwe juu kabla ya mvua za Novemba.

Ujenzi wenyewe ni mwepesi, ila si wa kila mtu. Msingi uwe wa mawe au tofali za saruji, upande angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na juu yake utandikwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Kozi ya kwanza hulazwa kwenye saruji na kunyooshwa kwa pima maji na uzi mpaka iwe sawa kabisa, hata ikichukua siku nzima. Zinazofuata hupangwa kavu. Kwenye kona na kando ya milango, shusha nondo kwenye matundu yanayopita ndani ya matofali na ujaze uji wa saruji na mchanga. Ukuta unaopita mita 4 bila ukuta wa kukatisha uwekewe nguzo. Na juu ya madirisha zunguka na mkanda wa zege wenye nondo. Asiyeuweka ataona nyufa zikipanda kutoka pembe za madirisha.

Nyumba ya mita 7 kwa 4 yenye ukuta mmoja wa kugawa, ukishatoa milango na madirisha, ina kama mita za mraba 57 za ukuta. Andaa matofali 2,050 pamoja na ya kuvunjika, mifuko 26 ya saruji, na tripu 3 za udongo za lori la tani 7 kama hauchimbi hapohapo. Ukilinganisha saruji hiyo na ya tofali za saruji na mchanga, huoni nafuu kubwa. Nafuu iko kwingine: mchanga usionunuliwa, saruji ya kuunganishia isiyotumika, na ripu (plasta ya ukutani) isiyohitajika. Anayejenga kwa matofali haya kisha akapiga ripu ndani na nje amerudisha kwa mkono mmoja alichookoa kwa mwingine. Na tofauti na tofali za kuchoma, hakuna tanuru, kwa hiyo hakuna miti ya miombo inayoteketea, katika mkoa ambao tumbaku tayari inakula kuni nyingi.

Kuhusu joto, tuseme ukweli wake. Ukuta wa sentimita 15 unachelewesha joto la mchana kuliko mabati au mbao, lakini haufikii kuta nene za tembe la zamani kama lile la Kwihara alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba, wakati ambapo mawingu bado hayajakusanyika. Paa ndilo linaloingiza joto kubwa zaidi, likifuatiwa na ukuta wa magharibi. Weka dari, acha matundu ya hewa chini ya paa pande mbili zinazotazamana, elekeza urefu wa nyumba mashariki–magharibi, na jenga baraza upande wa magharibi. Paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta, kwa kivuli na kwa mvua ya upepo, ambayo ndiyo adui mkubwa wa kozi za chini.

Matofali haya hayafai kwa shimo la choo, kwa ukuta ulio chini ya ardhi, wala kwa kiwanja kinachotuamisha maji masika yote. Huko tumia mawe au tofali za saruji. Mchwa hawali matofali haya, ila hupanda kupitia matundu hadi kenchi za paa, kwa hiyo kozi ya kwanza juu ya msingi ijazwe saruji matundu yote kabla ya kupanga ya pili.