Kununua printa ya mwalimu: uliza kwanza wino mchafu unakwenda wapi

Malalamiko ninayoletewa na walimu na wazazi kila ukikaribia msimu wa mitihani ni yale yale: "Printa ina wino tele lakini imegoma, taa zinawakawaka tu." Mwalimu mmoja wa Wete yalimkuta usiku, karatasi za majaribio za Darasa la Saba zinatakiwa asubuhi. Akatoka na flashi mkononi kutafuta stesheneri ambayo haijafunga.

Kasi, rangi na Wi-Fi muuzaji atakusomea hata usipomuuliza. Mimi nataka tuzungumze kuhusu sponji.

Printa ya wino inapojisafisha kichwa, yaani sehemu inayotema wino kwenye karatasi, hunyonya wino na kuutema kwenye sponji lililofichwa ndani. Nyingi hazipimi limelowa kiasi gani, zinahesabu tu. Hesabu ikifika kikomo mashine inajifunga, hata kama matangi yamejaa, kwa kuchelea wino usivuje mezani. Na hapa kwetu hesabu inakwenda mbio. Umeme unakatika katikati ya kazi, au Tukuza, umeme wa kulipia kabla, imekwisha, kichwa kinabaki wazi hakijarudi kwenye kifuniko chake. Wino unakauka. Umeme ukirudi mistari myeupe inapita katikati ya maswali, unaisafisha mara tatu, mara nne, na kila mara sponji linakunywa. Wanaozima kwenye swichi ya ukutani wanajiletea balaa hilo hilo kila siku. Zima kwa kitufe cha printa yenyewe, subiri taa izimike, ndipo uchomoe.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Canon PIXMA G3420, na sifichi kwamba naipendelea. Sponji lake limo ndani ya kasha linaloitwa MC-G02, na limetengenezwa ulibadilishe mwenyewe: unatoa lililojaa, unatia jipya, unaendelea na kazi. Hakuna fundi, hakuna kuibeba printa kwenye daladala. Chupa ya wino mweusi inakadiriwa kurasa 6,000, nayo ni mitihani ya muhula kwa darasa kubwa na bado inabaki. Wino huo mweusi ni wa pigmenti, hautawanyiki ovyo ukiguswa na mkono wenye jasho, na anayefundisha wakati wa masika anajua karatasi zinavyorudi kutoka kwa watoto. Kama huhitaji Wi-Fi chukua G2420, kasha ni hilo hilo.

Ya pili ni printa ya leza, nyeusi na nyeupe. Haina wino wa kukauka, inaweza kukaa likizo nzima bila kuguswa na ikawashwa ikachapa. Kwa skuli yenye umeme wa uhakika ingeweza kuwa ya kwanza. Lakini inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, inveta ndogo ya sola haiimudu. Halafu tona, yaani wino wake wa unga, inayokuja na mashine mpya mara nyingi haijai, na muuzaji hakwambii.

Epson L3250 naiweka ya tatu, na najua wapenzi wake ni wengi. Kwa wino haina ubahili: chupa nyeusi inakadiriwa kurasa 4,500, za rangi 7,500. Ila sponji lake halikukusudiwa libadilishwe na mwenye printa, na hesabu yake hufutwa kwa programu. Kama mtaani kwako yupo fundi mwaminifu, inunue. Kama uko Micheweni na fundi yuko mjini Unguja, fikiri tena.

Zile ndogo za katriji, mfano HP DeskJet 2320, ni rahisi siku ya kununua tu. Katriji nyeusi ya kawaida ni kama kurasa 120. Darasa la watoto 60, karatasi mbili mbili, imekwisha. Mzazi anayechapa ukurasa mmoja mmoja wa zoezi la nyumbani anaweza kuvumilia, mwalimu hapana.

Sasa hawa wauzaji. Unauliza habari ya sponji unaambiwa, "Hiyo haina shida, dada, tutakurizetia." Kurizeti ni kuirudisha hesabu sifuri kwa kompyuta na sponji likaachwa vile vile, limelowa chapachapa. Unalipa, unarudi nyumbani, baada ya muda unakuta wino mweusi umechora kitambaa cha meza. Wengine wanauza mashine zilizotumika Dubai, zimefutwa vumbi na kurizetiwa, kwa bei inayokaribia mpya. Na boksi likishafunguliwa, warantii ni maneno ya mdomo. Mwalimu ananunua kwa mshahara wake, kazi ni ya skuli, halafu anauziwa tatizo la mtu mwingine. Hili linaniudhi kweli kweli.

Kabla ya kutoa pesa, kama mashine imeshatumika, mwambie aiwashe mbele yako na achape karatasi ya majaribio ya nozeli, vile vitundu vya kutolea wino. Mistari ikikatikakatika, iache. Ukiambiwa ni mpya, tazama matangi: printa mpya ya tangi haiji na wino ndani ya matangi, ukiukuta humo shuku kwamba ilishatumika. Dai risiti iliyoandikwa namba ya mashine. Na ukichukua Canon, nunua MC-G02 ya akiba siku hiyo hiyo, hasa kama unavuka kwenda Pemba, na uangalie boksi lake halijafunguliwa.