Uzi wa akriliki wa Kariakoo kwa shali na blanketi, uzoefu wangu

Mimi nafuma shali na blanketi za watoto, nyingine za nyumbani nyingine za oda, na huu uzi wa sweta wa akriliki unaojaa Kariakoo ndo naoushika kila siku. Kwa shali nimeukubali kabisa. Kwa blanketi la mtoto wa hapa Dar hapana, ntafika huko.

Pateni nyingi za mtandaoni, yaani maelekezo ya kufuma, zimeandikwa kwa sufu, mara merino mara alpaka, na ukisema uagize nje, donge moja likifika na gharama zake zote ni hela ambayo Kariakoo unatoka na mfuko umejaa. Sasa watu wakibadilisha uzi wanaangalia gramu, jamani angalieni mita. Tuseme pateni inataka madonge 5 ya gramu 50, kila moja mita 120, hiyo ni mita 600. Ukipata akriliki ya unene huohuo, gramu 100 zenye mita 280, mawili yanakupa 560 utakwama pindoni, kwa hiyo beba 3. Pamba ni nzito, donge la gramu 50 likiwa na mita 85 itabidi ununue 8. Na kabla ya yote fuma kipande kidogo uhesabu vitanzi kwenye sentimita 10, visipolingana badilisha namba ya sindano.

Shali ikitoka kwenye sindano inakuwa imejikunyata, maua hayaonekani, mtu anakata tamaa hapo. Sufu ungeilowesha ukaibana na pini ikakauka hivyohivyo, akriliki ukiifanyia hivyo ikikauka inarudi kulekule. Dawa yake mvuke. Itandaze kwenye taulo, ibane pini pembeni, pasi ya mvuke ishike juu yake bila kugusa, utaona kwa macho vitundu vinafunguka na uzi unalegea, ukiiweka begani inamwagika yenyewe. Pasi ikigusa tu basi, akriliki ni plastiki, inayeyuka inabaki bapa inang'aa. Halafu ikishalegea hairudi tena, kwa hiyo mikono ya sweta inayotakiwa ivutike usiipige mvuke kabisa.

Blanketi sasa. Akriliki hainyonyi jasho, mtoto wa Temeke mwezi wa pili umfunike hiyo si unamtesa tu? Hapo natumia pamba, na vitundu nafuma vidogo vidole visinase. Oda ikiwa ya kwenye baridi, Njombe au Makete, ndo natumia akriliki, ni nyepesi, ina joto na mama anafua bila mawazo, wakati sufu ukiikosea na maji ya moto na kusugua inasinyaa inakuwa ngumu.

Kilichonikera ni rangi. Duka moja nilienda kuongezea zambarau, nikamwambia muuzaji mbona namba za mkupuo wa rangi kwenye lebo hazifanani, akanijibu "dada zote ni moja hizo". Nikatoka nayo nje kwenye jua, moja imeiva nyingine imepauka, nikamrudishia. Taa za dukani zinadanganya, madonge yote ya kazi moja nunua siku moja na yawe na namba moja. Na ukiambiwa hii sufu halisi, omba kipande uchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapondeka, akriliki inayeyuka inaacha kidonge kigumu.

Ubaya mwingine, akriliki inaota vinundu sehemu zinazosuguana, hasa ule uzi uliosokotwa kilegelege, we uviringishe kwenye vidole kabla hujalipa, ukifumuka haraka uache. Na mchana wa joto mikono ikitoa jasho uzi unagoma kuteleza kwenye sindano, mi nafuma usiku feni ikiwa imewaka.

Kwa bei yake naupa 4 kwa 5, ile moja nimekata kwa ajili ya vinundu.