Boti ipi itakuachia kitu petroli ikifika 4,000?

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, Kunduchi watu hutazama simu kabla ya kutazama bahari. Bei ya chombo utavutana na fundi, mkipatana yameisha. Bei ya petroli huvutani na mtu, na utailipa kila alfajiri. Mafuta yote tunaagiza nje, kwa dola, kwa hiyo vita ya mbali inatua kwenye dumu lako. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, lita moja hapa Dar ilivuka shilingi 3,000 na serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya bilioni 100 mwezi Juni. Halafu ndani ya bei hiyo kuna tozo ya Mfuko wa Barabara. Sijawahi kuona lami kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya, lakini nailipia.

Mwaka huo nilikuwa na boti ya faiba yenye mashine ya hosipawa 40. Nilikuwa naringa nayo. Bei ilipopanda, nahodha wangu akaanza kunipigia simu usiku: "Tajiri, kesho tunatoka kweli?" Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo muuza boti hakwambii. Mafuta, barafu na chakula hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya chombo na vijana. Kwa hiyo petroli ikipanda haikuli wewe peke yako, inakula mgao wa kila aliyemo. Wiki mbili za mgao wa elfu nne nne, vijana wakahamia mashua ya jirani. Nikabaki na boti nzuri, mchangani.

Tangu siku hiyo hesabu ninapiga mara mbili: petroli ikiwa 3,000, kisha ikiwa 4,000. Chombo kikishindwa hesabu ya pili, sikitaki hata nikipewa kwa mkopo. Orodha hii nimeipanga kwa hesabu hiyo ya pili, kwa mtu anayevua kwa mshipi au nyavu, anayekwenda maili tisa hivi za baharini na kurudi.

Ya kwanza: mashua ya mbao ya futi 20 hadi 24, mashine ya 15, na tanga lake. Mashine ya 15 ya kuchanganya oili, ukiifungua yote, inakula lita tano na nusu hadi sita kwa saa. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi: dumu la lita 20 linatosha na linabaki kidogo. Lita 17 kwa bei ya 3,000 ni elfu 51, kwa 4,000 ni elfu 68. Sasa weka tanga. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ukivulia upande wa Kigamboni, unakwenda kwa mashine na kurudi upepo ukiwa mgongoni. Unatumia lita tisa tu, elfu 36 kwa bei ya 4,000. Utachelewa, ndiyo, basi ongeza barafu. Vijana wa siku hizi wanaona tanga ni ushamba, na mafundi wengine wanakuuliza kama mlingoti wa nini. Waambie wauweke. Jambo jingine: mashine ya 15 ina kilo arobaini hivi, kijana mmoja mwenye nguvu anaibeba begani hadi bandani jioni. Ile ya 40 inataka wawili na mti, na ukiiacha majini huna usingizi.

Gharama yake iko kwenye mwili wa chombo. Mbao zinataka kalafati, yaani kuzibwa nyufa, zinataka kuchomwa kwa makuti na kupakwa deheni, mafuta ya kukinga mbao. Usipofanya hivyo wadudu wanaingia, chini panaota magugu na makome, na chombo kinachoburuta magugu kinakula mafuta kama kimefunga nanga.

Ya pili: mashua kubwa yenye injini ya dizeli ndani. Kwa mafuta peke yake hii ndiyo bingwa: injini ya silinda moja ya hosipawa 12 inakwenda na lita tatu hivi kwa saa. Safari ileile ni lita tisa bila kupandisha tanga. Mbona basi haikushika nafasi ya kwanza? Kwa sababu panga lake, ile feni inayosukuma maji, liko chini na halinyanyuki. Maji yakipwa Kunduchi, wenzako wanasukuma vyombo vyao hadi mchangani, wewe unasubiri nje na samaki wako jua likipanda. Mhimili unapotokea nje huvuja, na injini haibebeki kwenda kwa fundi, fundi ndiye anayekuja kwa masaa yake. Usitegemee sana kwamba dizeli ni rahisi pia; Oktoba 2023 ilikuwa juu ya petroli. Ukivua dagaa kwa taa na una mahali pa kutia nanga kwenye kina, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu, ngalawa. Haina hesabu ya mafuta hata kidogo. Ina hesabu ya upepo: kusi kali linakulaza nyumbani, tanga mbili, majira ya upepo kubadilika, linakuacha umekaa juu ya maji kama kikombe. Watu wawili watatu, samaki wachache, deni hakuna. Kwa anayeanza, si aibu.

Ya mwisho ni ile niliyoringa nayo, faiba yenye 40. Faiba yenyewe haina kosa, haiozi wala haitaki kalafati, na ukiifunga mashine ya 15 nitaisogeza juu ya ngalawa. Tatizo ni 40. Ikiwa nyepesi inainuka juu ya maji na kurudi mapema, lita 27 hivi. Ijaze barafu, nyavu na watu sita, haiinuki tena: inalima maji, inafika lita 40. Hiyo ni elfu 160 kwa bei ya 4,000, kabla hujaona kibua hata mmoja. Waachie wanaopeleka wageni Mbudya na Bongoyo. Wao bei ikipanda wanapandisha nauli.

Mashine za betri nimeziona, kwa safari za kisiwani zinafaa. Kwa maili tisa na kurudi bado.

Kabla ya kulipa, ulizia cheti cha TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, na leseni ya uvuvi ya halmashauri, kisha ijaribu mwenyewe. Mimina lita kumi ulizopima kwa macho yako, toka saa nzima chombo kikiwa na uzito wa kazi, rudi upime zilizobaki. Mashine ya 15 niliyoipata mwaka jana iliuzwa kwa maneno kwamba "haili kabisa." Zilibaki lita mbili. Panga lilikuwa limepinda ncha moja, tukalinyoosha, tukarudi majini: zikabaki nne na robo. Muuzaji akataka kuongeza bei.