Kompyuta ya gemu ya kudumu: kabla ya kadi, angalia pawa saplai

Malalamiko yanayonifikia kuhusu kompyuta za gemu yanafanana mno. Mtu amejinyima, amenunua kadi ya michoro (ile inayochora picha za gemu) ya maana, prosesa ya maana na kioo cha maana. Mashine inawaka vizuri, inafungua programu zote, inaonyesha video siku nzima bila shida. Akiingia kwenye gemu zito, ile sehemu ambayo moshi, milipuko na maadui vinajaa kwenye skrini kwa mpigo, pap! Giza. Hakuna ujumbe wowote. Feni zinasimama, kisha mashine inajiwasha yenyewe. Akiipeleka kwa fundi anaambiwa kadi imekufa. Anabadilisha kadi, na tatizo liko palepale.

Nikimuuliza pawa saplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme, ni ya kampuni gani, jibu karibu kila mara ni hilohilo: "Ni ya wati 850." Jina halijui, kwa sababu aliyemuuzia hakulitaja.

Ndiyo maana mwongozo huu siuanzi na kadi wala prosesa. Huko utapata washauri wa kutosha. Naanza na pawa saplai na nitakaa hapo kwa muda, kwa kuwa ndicho kifaa pekee kinacholisha vingine vyote. Kikiharibika vibaya kinaweza kuondoka na wenzake. Kikiwa kizuri, utakihamishia kwenye mashine yako ya pili kikiwa bado na waranti.

Soma stika, achana na boksi

Geuza pawa saplai ubavuni. Kuna stika yenye jedwali, na juu ya jedwali zimeandikwa volti: +3.3V, +5V, +12V na nyingine ndogondogo. Chini ya kila moja kuna amperi. Wewe nenda moja kwa moja kwenye +12V, maana kadi ya michoro na prosesa vyote vinachota hapo. Zidisha amperi hizo kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 850 ina amperi kama 70 kwenye laini hiyo, yaani wati 840. Ukikuta imeandikwa amperi 45, unachonunua ni wati 540. Zilizobaki zimehesabiwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina matumizi makubwa, au hazipo kabisa.

Hesabu hii haihitaji kifaa wala utaalamu. Muuzaji akikataa usiione stika, au picha za tangazo lake zikionyesha kila upande isipokuwa huo, ondoka.

Halafu kuna alama ya 80 PLUS, ile ya Bronze, Gold, Platinum na Titanium. Mpango huo ulianza mwaka 2004 na unapima jambo moja: umeme kiasi gani unafika kwenye vifaa na kiasi gani unapotea kama joto. Gold, ikipimwa kwa umeme wa volti 115, lazima ifikishe angalau asilimia 90 ikiwa imebeba nusu ya mzigo wake. Ni jambo jema, lakini halikwambii umeme huo umetulia kiasi gani, wala kama ulinzi wa ndani utaamka siku ya hatari. Mwaka 2021 Gigabyte ililazimika kutoa tangazo kuhusu pawa saplai zake mbili, GP-P750GM na GP-P850GM, baada ya wakaguzi kuripoti kwamba zinalipuka zikipimwa. Zote zilikuwa na alama ya Gold. Kampuni iliteremsha kiwango ambacho ulinzi wa mzigo uliozidi unaamka, kutoka kati ya asilimia 120 na 150 ya uwezo wake, kikawa kati ya 110 na 120, ikakubali kuwabadilishia waliokuwa na za zamani. Kinachonikera zaidi ni namna zilivyowafikia watu. Wakati ule kadi za michoro zilikuwa adimu, na nyingi ya pawa saplai hizo ziliuzwa zikiwa zimefungwa pamoja na kadi. Ukitaka kadi, chukua na hii.

Kwa nini inazima katikati ya vita

Kadi ya michoro ya leo haili umeme kwa kiwango kimoja. Inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. RTX 3090, kadi ya NVIDIA ya mwaka 2020, imeandikwa wati 350, lakini kwa vipindi vya milisekunde iliruka hadi zaidi ya wati 500. Pawa saplai inaona mruko huo, inadhani kuna hitilafu, inajizima kulinda vifaa. Kwa hiyo yule mtu aliyebadilisha kadi alikuwa akitafuta ugonjwa upande usiokuwa wake.

Kwa ajili hiyo mwaka 2022 kilitoka kiwango cha ATX 3.0, kinachotaka pawa saplai yenye plagi mpya ya kadi ivumilie mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Mwaka uliofuata ikaja ATX 3.1. Unaponunua kitu cha kukaa nacho miaka kumi, usikubali kitu cha kabla ya viwango hivi hata kama ni cha kampuni kubwa na bei imeshushwa. Huenda imeshushwa kwa sababu hiyo.

Kinachozeesha pawa saplai ni joto. Ndani yake kuna kapasita (vifaa vidogo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi) zenye kimiminika kinachokauka taratibu, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazopunguza zinakaribia kurefusha maisha ya kapasita mara mbili. Tafuta zilizothibitishwa kwa nyuzi 105, na usinunue wati za kutosha kwa shida. Inayofanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake inapoa, na feni yake haipigi kelele.

Ninavyozipanga

Ya kwanza kwangu ni Seasonic Prime, na sina haja ya kuficha mapenzi. Ni kampuni ya Taiwan iliyoanza mwaka 1975, inatengeneza pawa saplai zake yenyewe na imewatengenezea wengine wengi ambao majina yao unayaona madukani. Prime ina waranti ya miaka 12. Fikiria ni kitu gani kingine kwenye kompyuta yako ambacho mtengenezaji wake yuko tayari kukiwekea ahadi ndefu hivyo. Nilichokipenda zaidi ni namna kampuni hii ilivyobeba lawama. Baadhi ya Focus Plus za zamani zilikuwa zikijizima zikikutana na kadi za AMD Vega, ikakiri na ikawabadilishia wenye tatizo. Chukua Prime yenye ATX 3.0 au 3.1, siyo ile ya kwanza.

Ya pili ni Corsair RMx, yaani RM850x au RM1000x ya toleo jipya. Waranti yake ni miaka 10, ni tulivu, na kupata nyaya zake za ziada ni rahisi. Ukiikuta Prime haipo au bei yake imepandishwa bila haya, hii haitakuangusha.

Ya tatu ni Seasonic Focus GX, nayo ina miaka 10. Ni ndogo kwa umbo na inatosha kabisa kwa kadi moja isiyo ya kileleni. be quiet! Dark Power ningeiweka hapahapa, pengine juu kidogo kwa ukimya wake, ila mara nyingi bei yake inafika kwenye bei ya Prime, na hapo sioni sababu ya kuiacha Prime.

Za bei ya chini? Kwa kompyuta ya ofisi, sawa. Kwa mashine unayotaka idumu, hapana.

Kuhusu wati: RTX 5070 Ti au RX 9070 XT, ambazo zinakula kama wati 300, weka 850. RTX 5080 ya wati 360, weka 1000. RTX 5090 inakula wati 575 peke yake. NVIDIA wanasema 1000 inatosha, mimi nasema 1200.

Ile plagi ndogo

Kadi za NVIDIA za kileleni zinapata umeme kupitia plagi moja yenye pini 12 za umeme na pini 4 ndogo za mawasiliano. Toleo la kwanza, 12VHPWR, ndilo lililokuwa likiyeyuka kwenye RTX 4090 mwaka 2022. Fanya hesabu uone mwenyewe: wati 600 kwa volti 12 ni amperi 50, zinagawanywa kwenye pini sita, kila moja inabeba zaidi ya amperi 8. Pini ikigusa nusunusu, wenzake wanabebeshwa mzigo wake na plastiki inaungua. Toleo lililofuata, 12V-2x6, limezifupisha zile pini ndogo nne ili plagi isipoingia yote kadi isipewe umeme, na limezirefusha kidogo zile za umeme. Hilo ndilo unalotaka.

Ukichomeka, sukuma mpaka isikike imeshika, kisha angalia kwa tochi pembeni kama kuna upenyo kati ya plagi na kadi. Usiukunje waya kwenye sentimita tatu na nusu za mwanzo. Kama kasha ni jembamba na kioo cha ubavuni kinaukandamiza waya, badilisha kasha. Na usichukue waya wa pawa saplai ya zamani ukauchomeka kwenye mpya, hata kama unaingia vizuri. Upande wa kadi umesanifishwa, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake, na kuna watu wameunguza diski zao zote kwa jambo hili.

Vingine vyote

Prosesa: AMD Ryzen 7 9800X3D. Kwa gemu sioni haja ya kubishana. Kinachonivutia zaidi ya kasi ni soketi (sehemu ya ubao mama inayopokea prosesa) ya AM5, ambayo AMD wameahidi kuendelea nayo hadi 2027 na zaidi. Walishafanya hivyo kwa AM4: bodi nyingi za mwaka 2017 ziliweza kupokea 5800X3D iliyotoka 2022. Intel wamekuwa wakibadilisha soketi haraka, na matatizo ya volti kwenye kizazi cha 13 na cha 14 yaliwafanya waongeze waranti kwa miaka miwili.

Ubao mama usinunuliwe kwa taa zake. Hakikisha una kitufe cha kusasisha BIOS (programu ya ubao inayoiwasha mashine) bila prosesa, basi.

Kadi ya michoro: kumbukumbu ya GB 16 ndiyo kima cha chini kwa anayetaka kukaa nayo. RTX 5070 yenye GB 12 ni kadi nzuri itakayokusumbua mapema kuliko ilivyostahili.

Ram: vijiti viwili, DDR5-6000 (kizazi na kasi yake), CL30 (kipimo cha ucheleweshaji, kidogo ndicho bora), GB 32 au 64 kwa jumla. Usiweke vinne, kwa kuwa AM5 ikibeba vinne kasi hushuka. Na hapa lazima niseme. Mwishoni mwa 2025 bei ya ram ilipaa kwa sababu viwanda vya chipu vinahudumia kwanza seva za akili mnemba, na Micron wakatangaza kuifunga Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Hilo liko juu ya uwezo wa muuza duka. Kisichosameheka ni muuzaji aliyekuwa na mzigo wa zamani ghalani, alioulipia kwa bei ya zamani, akaamka asubuhi akabandika bei mpya juu ya vijiti vilevile. Wengine wanafanya hivyo hata kwa DDR4, ram ya kizazi kilichotangulia.

Diski: NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye ubao mama) ya TB 2 yenye chipu za TLC (kila seli inahifadhi biti tatu), kama Samsung 990 Pro au WD Black SN850X. Kila moja ina waranti ya miaka 5 au TB 1,200 za kuandika, kimojawapo kikitangulia.

Kipozeo: Noctua NH-D15 G2. Cha maji kina pampu, na pampu hufa. Hiki kina feni tu, na feni ikifa unabadilisha feni. Kasha liwe na uso wa wavu upitishe hewa.

Siku ya kulipa

Kompyuta zilizounganishwa tayari hutangazwa kwa herufi kubwa: kadi fulani, prosesa fulani. Mwisho kabisa wa orodha, "pawa saplai 850W". Prosesa ina jina, feni za rangi zina jina, kifaa kinacholisha vyote hakina. Nimewahi kuomba duka moja liandike jina la pawa saplai kwenye risiti, nikajibiwa kwamba "zote ni sawa". Kama zote ni sawa, kuliandika kungewagharimu nini? Lidai kwa maandishi, pamoja na namba kamili ya toleo, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuuza yenye waranti ya miaka 10 na yenye miaka mitatu zikiwa na maboksi yanayofanana.

Uliza pia waranti ni ya nani. "Waranti ya duka" ya wiki moja siyo waranti ya miaka 12 ya mtengenezaji, na ukinunua bidhaa isiyo na risiti halali hiyo ya pili unaweza kuikosa.

Mwisho, usinunue kifaa kimoja mwezi huu na kingine miezi mitatu ijayo. Najua ndivyo mfuko unavyoruhusu, lakini muda wa kurudisha bidhaa unakwisha kabla hujawasha chochote. Weka fedha pembeni, nunua vyote kwa pamoja, viunganishe wiki hiyohiyo, kisha fungua gemu zito kuliko yote uliyonayo uliache likimbie jioni nzima bila kikomo cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde). Ikizima, bado una siku za kurudisha.