Nimejenga fremuweki ya CSS kwa PostCSS badala ya Sass, haya ndo niliyoyaona

Wiki tatu hizi nilikuwa najenga fremuweki ndogo ya CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti), yaani mitindo iliyo tayari, ya kutumia kwenye saiti za wateja wangu, gridi, vitufe, fomu na kadi basi, na Sass niliyoizoea miaka yote, ile lugha inayogeuzwa kuwa CSS, nikaiweka pembeni nikachukua PostCSS, zana inayochakata CSS kwa plagini. Kwa kweli nimeipenda sana.

Ila ujue kabisa, ukiiweka peke yake haikufanyii chochote. Inasoma CSS yako, inaipanga kama mti, halafu inakurudishia vilevile. Kazi yote ni ya plagini unazochagua wewe. Aliyeianzisha mwaka 2013 ni Andrey Sitnik, huyohuyo wa Autoprefixer, plagini yake ya kuongeza viambishi vya brauza kwenye CSS, kwa hiyo wengi mmeshaitumia bila kujua. Mimi nimeweka tano: postcss-import (kuunganisha faili), postcss-nested (kufumua kanuni zilizoandikwa ndani ya nyingine), postcss-custom-media (kuyapa majina masharti ya skrini), Autoprefixer na cssnano ya kubana faili mwishoni.

Iliponikamata ni kwenye vipimo vya skrini. Variabo za CSS (thamani zenye jina, unaziita kwa var()) ni nzuri kwa rangi na nafasi, lakini var() ndani ya sharti la @media, linalofuata upana wa skrini, haifanyi kazi, so zamani 768px nilikuwa naimwaga kila faili. Sasa naandika mara moja tu:

@custom-media --tableti (min-width: 768px);

Huko kwingine kote ni @media (--tableti), mteja akitaka 800 nagusa mstari mmoja nimemaliza. Na rangi nimeziacha kwenye :root (mzizi wa ukurasa) kama variabo za CSS yenyewe, zinabaki hai ndani ya brauza, so kuweka mandhari ya giza ni kubadilisha zile rangi tu, wakati variabo za Sass zikishakompailiwa hazipo tena. Nesting (kanuni ndani ya kanuni) nayo brauza zimeanza kuielewa 2023, lakini watu wanaofungua hizi saiti wengi wana simu za zamani, postcss-nested inawafumulia.

Sasa shida. Plagini zinapita kwa foleni, ulivyozipanga ndivyo zinavyofanya kazi. Mimi import niliiweka chini ya custom-media, basi faili zilizoingizwa zikabaki na --tableti isiyotafsiriwa na kadi zangu zikakaa safu moja hadi kwenye laptopu, jioni nzima naikagua gridi ambayo haina kosa lolote! Import iwe ya kwanza, daima. Na kabla hujachukua plagini angalia imesasishwa lini, maana toleo la 8 la PostCSS la mwaka 2020 lilibadilisha namna plagini zinavyoandikwa na za zamani kibao hazikufuata.

Lupu (kurudiarudia msimbo) pia PostCSS haina mpaka uongeze plagini, zile klasi 12 za upana wa safu za gridi nimeziandika kwa mkono na hazikunichosha. Ila kama fremuweki yako inazalisha mamia ya klasi kwa hesabu na fankshoni zako mwenyewe, hapo baki na Sass, itakurahisishia.